Kisanduku cha Sauti ya Mama

Jumapili, 6 Oktoba. Mbooni, kwa mama

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitalia, na wiki hii nimeshalia mbele ya watu wa kutosha: makanga wa matatu, askari wa geti la hospitali, na mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi.

Ijumaa daktari wa Nairobi alituambia kwamba ule uvimbe wa kooni mwa mama hautatoka peke yake. Utatoka pamoja na zoloto, mahali penyewe sauti inapotoka. Atapumua kwa tundu la shingoni. Atakula, atatembea, atalima akitaka. Kuongea, hapana. Operesheni ni mwanzo wa Desemba. Mama, ambaye amesoma matangazo ya kanisa letu tangu nikiwa darasa la pili, aliuliza kitu kimoja tu: "Na kuimba?" Daktari akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga.

Tulipotoka, dada mmoja wa hospitali anayewafundisha wagonjwa wa koo kuwasiliana alinivuta kando. Akasema nimrekodi mama sasa, sentensi anazotumia kila siku, wakati sauti bado ipo. Baadaye zitawekwa kwenye simu. Mama atabonyeza na simu itasema kwa sauti yake mwenyewe. "Lakini iwe safi," akasema. "Ikijaa kelele, hakuna mtu atasikia kitu." Akanipa karatasi ya mifano: Naomba maji. Naumwa hapa. Nimeshiba. Karibuni.

Leo nimejaribu na simu yangu. Sauti ya mama imeshakwaruza, na simu inadhani mkwaruzo ule ni upepo, inaufuta. Neno linaanza, linapotea, linarudi likiwa limeisha. Nikajaribu kompyuta ninayotumia kazini. Feni yake inanguruma, na mama akasikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya kinu cha posho.

Kuna neno moja ambalo haliko kwenye karatasi. Mimi ni Kalunde, jina la nyanya yangu mzaa mama. Mama haniiti Kalunde ila akikasirika. Huniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Hilo ndilo nalitaka kuliko yote, na naona haya kuliomba. Mtu atamwambiaje mama yake, hebu niite nikurekodi?

Mvua haijaonekana. Pojo za mbegu ziko kwenye debe, zinatungoja na sisi tunangoja mawingu.

Jumanne, 8 Oktoba. Kwa Vonza

Saibani kwangu, duka langu la intaneti na fotokopi katika mji huu, hakuna wateja leo. Nimesoma mtandaoni jinsi ya kurekodi sauti kwa kompyuta. Wote wanasema usitumie maiki ya kompyuta yenyewe, nunua kifaa cha nje, na baada ya hapo kila mtu anamtukana mwenzake. Nimetoka na kichwa kinauma.

Jumamosi, 12 Oktoba. Kitui mjini, kisha Mbooni

Nimenunua kifaa cha nje. Ni kidogo kama kidole gumba, kinachomekwa kwenye tundu la USB, na maiki yake inabanwa kwenye nguo. Muuzaji aliapa kwamba watu wa harusi wanatumia hiyo hiyo.

Kaka yangu Mbuvi alipiga simu nikiwa njiani. Yeye yuko Kambu, anauzia madereva wa malori matairi na vipuri, na tangu mama augue hajafika nyumbani hata mara moja. Nikamweleza kuhusu kurekodi.

"Sasa hiyo ni kazi gani, Kalunde? Unamzika mathe akiwa hai."

"Kuja basi umwambie yeye hivyo."

Akasema kuna gari linamngoja. Kila siku kuna gari linamngoja.

Jumapili, 13 Oktoba

Sssss. Hiyo ndiyo rekodi nzima. Sauti ya mama iko chini ya msss huo kama jiwe chini ya maji machafu.

Halafu mama mwenyewe. Nilimbania maiki kwenye leso, akaanza kuitafuta. "Maiki iko wapi?" Nikamwonyesha. Akaibandua, akaishika mbele ya mdomo, akasimama wima, akakohoa. "Bwana asifiwe. Mimi ni Syombua wa Musyimi. Naomba maji." Nikamwambia aongee tu kama kawaida. Akaipiga maiki kwa kidole, tu, tu, akasikiliza. "Hii imekufa. Sijisikii."

"Mama, hii haitoi sauti. Inaingiza tu."

"Maiki ya kuingiza tu ni ya kazi gani? Utajuaje kama unasikika?"

Ametumia maiki ya kanisa na ya mikutano ya injili maisha yake yote. Kwake maiki ni kitu cha kukuza sauti, na isiporudi kwenye spika basi ni mbovu. Nilicheka kidogo. Sasa sicheki.

Jumatano, 16 Oktoba

Mawingu asubuhi. Jioni hakuna.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimenunua kisanduku kikubwa. Kinaitwa interface, lakini hilo jina linanichosha, naita kisanduku. Kina matundu mbele na nyuma, vifundo vya kuzungusha, na chaja yake mwenyewe ya ukutani. "Madam, hii ni ya studio," muuzaji mwingine aliniambia, "kubwa ndiyo nzuri." Akanipa na maiki ya kondensa inayong'aa kama kikombe cha meza ya Bwana. Saibani nililazimika kumuuzia mashine ya fotokopi mtu aliyeitamani, ndiyo nikapata pesa. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Kwanza maiki ilikuwa bubu. Nilichomoa, nikachomeka, nikaomba. Kumbe maiki ya namna hiyo hulishwa umeme na kisanduku, na kuna kitufe kilichoandikwa 48V cha kubonyeza. Nikakibonyeza, na hapo ikaanza kusikia. Ikasikia kila kitu: kuku, mashine ya maji ya jirani, mabati yanayotanuka kwa jua, ta, ta, punda aliye ng'ambo ya bonde, na tumbo langu. Mama alikuwa huko ndani pia, mahali fulani.

Nikampa hedfoni ili ajisikie. Sauti yake ikawa inamfikia ikiwa imechelewa kidogo, baada ya kuzunguka kwenye kompyuta. Akasema "Karibuni," akashtuka, akavua.

"Kuna mtu ananiigiza huko ndani."

Jumapili, 20 Oktoba

Leo amekataa karatasi yenyewe. Hasemi jambo ambalo si kweli.

"Sema 'nimeshiba'."

"Sijakula."

"Ni ya kuweka tu, mama. Ya baadaye."

"Nikisema nimeshiba na njaa iko, nitakuwa nimedanganya nani? Mungu ama tumbo?"

Nikamwomba aite mbuzi, ule mlio wake wa ulimi ambao mbuzi wanauacha hata mti wa majani mabichi kuufuata. Akakataa. Akiita bila kuwa na kitu mkononi, watakuja bure, na siku ingine hawatamwamini. Nikamwambia aseme "karibuni." Akauliza nani amekuja.

Tukala muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Akasukuma sahani, akapumua, akasema kwa ile sauti yake hasa, "Nimeshiba, Mwaitu." Kisanduku kilikuwa chumba kile kingine, kimezimwa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo hadi nikapoa.

Jumapili, 27 Oktoba

Nitaandika yote, hata yale ya kuniaibisha.

Mchana leo mama alikuwa vizuri. Alikuwa amelala, koo limepoa. Nilifunga madirisha, nikafukuza kuku, nikamwomba jirani azime mashine yake ya maji. Nikaacha karatasi ya hospitali, nikamuuliza tu kuhusu alivyoolewa. Akaongea. Akaongea mchana kucha, akanicheka, akamtukana marehemu baba kwa upendo, akaniita Mwaitu mara sijui ngapi. Mimi nilikuwa nimekodolea macho ule mstari wa kijani unaopanda na kushuka kwenye kompyuta, nikisema moyoni, usikome.

Ndipo ikanguruma mbali, upande wa Kitui. Hata halikuwa wingu la maana. Mama akanyamaza katikati ya neno, akainuka, na kabla sijaweka chini hedfoni alikuwa amefika kwenye swichi kuu ya nyumba akaizima. Ndivyo afanyavyo. Radi ikilia anazima stima yote, anafunika kioo kwa leso, na kila mtu akae mbali na chuma. Nimekua nikiona hivyo, na sikukumbuka.

Kisanduku kilikufa kwa sababu kinakula kwenye ukuta. Kompyuta ilikufa kwa sababu betri yake ilishaharibika mwaka jana na inaishi kwa chaja tu. Rekodi ilikuwa haijahifadhiwa. Nimejaribu kila njia ninayoijua na nyingine nilizosoma. Faili ipo, ina jina, na ndani hamna kitu.

Nilimpigia mama kelele. Nilimwambia ameua sauti yake kwa mkono wake. Aliniangalia hadi nikamaliza, kisha akasema, taratibu, kwa sababu haraka haiwezekani tena: "Kalunde. Nyumba ya Nyamai ilichomwa na radi, na watoto walikuwa ndani. Mimi sijali hiyo kitu yako."

Kalunde. Na mvua yenyewe haikunyesha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimerudi Kwa Vonza.

Jumamosi, 2 Novemba. Kitui mjini

Othman ana duka la vitambaa karibu na msikiti, na mimi humjazia fomu zake za mtandaoni. Watu waliniambia yeye ndiye hurekodi watoto wa madrasa wakiimba kaswida. Nilienda kumuuliza swali moja, nikajikuta nimelia juu ya jora la kitambaa cha pazia.

Alinipa kiti na kahawa ya tangawizi, akangoja.

"Dada Kalunde, hao wamekuuzia kitu cha kuonyesha wageni," akasema. "Wewe hutaki kubwa. Unataka tatu tu. Moja, kisanduku kijilishe kwa kompyuta yenyewe, kisiwe na habari ya ukuta. Mbili, maiki isiwe na masikio ya kila mahali, iwe ile unaiweka hapa mdomoni na haijali punda wa mtu. Tatu, hedfoni ziingie kwa kisanduku, sio kwa kompyuta, ndio ajisikie papo hapo. Mtu akijisikia kwa kuchelewa atachanganyikiwa tu."

"Nitapata wapi?"

Akaingia nyuma akatoka na kisanduku chake, cheusi, kidogo kama Biblia ya mfukoni, na maiki iliyobonyea upande mmoja kwa kuangushwa na watoto. Akaongeza waya mrefu wa maiki na mwingine wa hedfoni. Akasema nitarudisha nikimaliza.

Akaniambia pia nibandike trei za mayai ukutani kuua mwangwi, na kwamba chumba kizuri ni ghala lililojaa magunia. Ningekuwa na ghala lililojaa magunia ningekuwa na mengine ya kufurahia pia. Misimu miwili hatujavuna kitu.

Jumamosi, 9 Novemba

Trei za mayai hazifanyi chochote, Othman anisamehe. Mama aliziona kwenye kuta za ghala letu tupu akasema kuku watafikiri ni mashindano. Nimezitoa, nikatundika mablanketi kwenye kamba na kusimamisha magodoro mawili. Hapo mwangwi ukafa. Kwa betri, fundi wa Kitui anasema ya kompyuta kama hii hawana. Nimempigia Mbuvi nikamfokea kuhusu mambo yote, betri ikiwemo. Akakata simu.

Jumapili, 10 Novemba

Kisanduku cha Othman kinafanya kazi. Hiyo ndiyo shida.

Nilimvisha mama hedfoni, nikampa maiki aishike mwenyewe, maana bila kuishika haongei. Akasema, "Haloo." Akajisikia papo hapo, karibu, bila msss na bila punda. Akasema tena, "Haloo." Akashika koo.

"Huyu ni mimi?"

Nikainamia vifundo vya kisanduku.

"Kumbe nyinyi mnasikia hii kila siku na mnaninyamazia."

Akavua hedfoni, akaziweka juu ya kiti polepole, akaenda kukaa na mbuzi. Nilimfuata. Hakutaka kuongea, na sikutaka aongee, na siku zinaisha, na sijui tena kama namsaidia au namtesa. Sijui kabisa.

Jumatano, 13 Novemba

Jua. Watu wa Mbooni juu wamepata manyunyu. Sisi wa huku chini hatukupata.

Jumapili, 17 Novemba

Amerudi kwenye kiti mwenyewe. Sikumwambia. Sauti sasa ni mnong'ono. Akiongea na mtu aliye mlangoni anachoka na kukohoa, na leo kitambaa kilikuwa na damu. Aliingia ghalani, akavaa hedfoni, akanifanyia ishara nizungushe kifundo. Nikazungusha juu. Akanong'ona kitu, na macho yake yakafunguka.

"Kumbe hata nikiongea chini inasikika."

"Inasikika, mama."

"Hapa sichoki."

Basi akanong'ona. Lakini kifundo kikiwa juu hivyo, kuna mmmm, kama nyuki ndani ya ukuta. Nilitafuta hadi nikaipata: inatoka kwenye chaja ya kompyuta. Nikichomoa chaja, mmmm inaisha, na kompyuta inazimika, kwa sababu haina betri. Nimekaa chini nikacheka kama mwendawazimu. Mama naye akacheka bila sauti, mabega tu.

Jumanne, 19 Novemba. Kwa Vonza

Hospitali imepiga simu. Kwa sababu ya ile damu hawataki kungoja Desemba. Kitanda ni Jumatatu ijayo.

Nilicho nacho ni sentensi chache zenye nyuki. Hata moja haina jina langu.

Jumamosi, 23 Novemba. Mbooni

Mbuvi alikuja asubuhi kwa boda boda, vumbi hadi kwenye kope. Hakunisalimu. Alitoa kifurushi ndani ya jaketi, akaniwekea mkononi. Betri ya kompyuta yangu, mpya. Alikuwa amemtuma dereva wa lori, yule akakosa, akamtuma mwingine.

"Ulinitumia picha ya hiyo kompyuta mwaka jana ukitaka kuiuza. Nilikuwa nayo kwa simu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unapiga kelele." Akaangalia kule ghalani. "Mimi humpigia kila jioni, Kalunde. Ananiuliza kama nimekula. Hiyo tu. Nikija hapa nimwone hivi, nitamjibu na sauti gani?"

Nilikuwa nimemchukulia kama mtu asiye na moyo. Nilimpikia chai, nikamwekea majani mengi anavyopenda, kwa sababu samahani haikutoka.

Mchana tukakaa ghalani. Kisanduku kwenye kigoda karibu na mlango, kompyuta kando, chaja imechomolewa. Nyuki hakuna. Mama alikuwa amechoka sana. Alisema "naomba maji" kwa sababu kweli alitaka maji, tukampa, tukafurahi kama wajinga. Alisema "naumwa hapa." Alipofika "karibuni" alimtazama Mbuvi, akasema, "Karibu mwanangu," na Mbuvi akatoka nje.

Halafu ikanguruma.

Safari hii haikuwa mbali. Mama akaondoa hedfoni shingoni, akaenda zake kwenye swichi kuu, akaizima, akafunika kioo, akarudi. Niliangalia kisanduku. Taa yake ndogo ilikuwa bado kijani. Mstari ulikuwa unaendelea. Na kabla sijasema kitu, mvua ikaanguka juu ya mabati yote kwa mara moja, bila kuanza na matone, na mimi nikasikia Mbuvi anapiga kelele uani kwa furaha.

Mtu ambaye hajakaa huku hatajua. Unatupa kila kitu unakimbia. Nilitoa makarai, nikatoa ndoo, nikavuta pipa chini ya mfereji wa paa, nikateleza, nikaanguka, nikainuka. Mbuvi alikuwa anageuza mabati ya zamani yamwage maji kwenye tangi. Hatukuwa tunasikizana, tulikuwa tunaonyeshana kwa mikono. Hapo ndipo nikageuka nikamwona mama.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, hedfoni masikioni, maiki mdomoni, kama siku za mkutano wa injili. Mkono wa pili unaelekeza: karai lile huku, ndoo ile kule. Nyaya zimekazika nyuma yake, kisanduku kimeanguka kutoka kwenye kigoda kinaning'inia. Mdomo unaenda. Alikuwa anatutangazia. Masikioni mwake sauti ilikuwa inarudi, kubwa, na basi kwake maiki ilikuwa nzima, na basi sote tulikuwa tunamsikia.

Hatukuwa tunasikia hata neno. Nilisimama kwenye mvua na ndoo mkononi, nikamtikisia kichwa, ndiyo mama, ndiyo, nimesikia. Mbuvi naye akatikisa. Akaridhika, akaendelea.

Jumapili, 24 Novemba

Tumesikiliza, mimi na Mbuvi, kila mmoja na upande mmoja wa hedfoni.

Mvua imejaa kila mahali, lakini yeye yuko mbele yake. Hakuwa analazimisha. Alikuwa anaongea chini, vile angeongea na mtu aliyekaa karibu na meko: "Mbuvi, sio hapo, hapo ni matope. Weka hiyo karai chini ya mfereji. Chini, nimesema. Sasa huyu. Mwaitu, toa viatu, utaanguka. Si umeona? Inuka, Mwaitu. Pole. Hiyo debe wacha, ni ya mbegu. Mnaona hiyo maji? Asante Baba. Asante. Mkimaliza mkuje mkule, iko kwa sufuria. Mwaitu! Mwaitu, kuja kwa nyumba, utashikwa na baridi."

Halafu anaimba. Wimbo wa kupanda, ule aliokuwa anaimba akifukia mashimo kwa mguu. Hafiki mwisho wake.

Mbuvi alitoa hedfoni akaenda kupanda pojo. Alipanda hadi giza, peke yake, hakutaka nimsaidie.

Jumatatu, 25 Novemba. Nairobi

Amelazwa.

Jumatano, 27 Novemba

Imeisha salama, wanasema. Alinishika kidole akilala.

Jumapili, 1 Desemba. Kitui mjini

Nimekaa dukani kwa Othman na kompyuta kati ya majora. Tumekata ile rekodi vipande vipande. Alijaribu kutoa mvua. Kuna programu ya kufanya hivyo. Mvua ilipungua, na mama akabaki kama mtu anayeongea ndani ya mkebe. Alijaribu tena kidogo kidogo, akasema inaweza kuwa nzuri zaidi akipewa siku chache. Nimemwomba angoje nimuulize mwenyewe.

Jumatatu, 2 Desemba. Nairobi, wodini

Nilimwekea vipande vyote viwili kwenye simu sikioni, yenye mvua na isiyo na mvua. Alisikiliza, akaomba kalamu. Akaandika: *Mvua ilikukosea nini?*

Kwa hiyo imebaki.

Jumapili, 8 Desemba. Nairobi, wodini

Mbuvi ameleta simu ya kioo kikubwa na nimeipanga vitufe, kimoja kwa kila sentensi. Mama anabonyeza kwa kidole kimoja kama anayechambua mchele. "Naomba maji" iko safi kabisa, ya ghalani. "Mkuje mkule" ina mvua, na ameibonyeza kila muuguzi akipita, hadi mmoja akamwambia, "Haya shosho, nitakuja." "Nimeshiba" haipo. Akishiba anapiga tumbo.

Nyumbani pojo zimeota, Mbuvi anasema, mistari imepinda lakini zimeota.

Saa ya wageni ilipoisha nilimfunika, nikachukua mkoba, nikaanza kutoka. Nilikuwa nimefika mlangoni, jua kali limejaa kwenye korido, niliposikia nyuma yangu mvua kubwa juu ya mabati, na katikati yake:

"Mwaitu! Mwaitu, kuja."

Bibi wa kitanda cha pili alijiinua kwenye mto akaangalia dirishani. "Kwani imeanza kunyesha?"

"Ndiyo," nikamwambia, na nikarudi kwa mama.